Gurudumu lishuke hadi wapi?

Katika miji mingi ya Afrika Mashariki hukosi Land Rover ya zamani, au Land Cruiser ya mtindo wa 40, iliyonyanyuliwa hadi dereva anapanda kwa kuning'inia mlangoni. Mwenyewe ameongeza majani mawili matatu kwenye springi, amebandika vipande vya chuma kati ya springi na ekseli, amefunga tairi kubwa, na sasa anawatazama wenzake kwa juu. Mpeleke korongoni. Gurudumu la mbele kushoto likipanda jiwe, la nyuma kushoto linabaki hewani, linazunguka bure, na gari limeishia hapo. Kimo kimeongezeka. Uwezo wa gurudumu kupanda na kushuka ni uleule, na pengine umepungua, maana springi iliyojazwa majani ni ngumu na haikunjuki.

Kunyanyua gari na kurefusha mwendo wa magurudumu yake ni kazi mbili, na mafundi wengi huuza ya kwanza kwa jina la ya pili. Mwendo wa gurudumu ni umbali wote kuanzia pale linapobanwa juu kabisa ndani ya madigadi mpaka pale linaponing'inia chini kabisa. Umbali huo una pande mbili, wa kupanda na wa kushuka, na kinachozigawa ni kimo cha gari likiwa limesimama tambarare. Ukinyanyua gari bila kubadilisha shokapu, mwendo haujaongezeka hata kidogo. Umepora upande wa kushuka ukaongeza upande wa kupanda. Ndiyo maana gari kama hilo hugonga kwa kishindo linapovuka shimo: shokapu imefika mwisho wake kabla gurudumu halijafika chini.

Kazi hasa ya kurefusha ilikomazwa kusini mwa California na ng'ambo ya mpaka, katika rasi ya Baja California huko Meksiko, na gari la zamani ambalo linaifundisha vizuri ni Ford Bronco ya kizazi cha kwanza, iliyoundwa kuanzia modeli ya 1966 hadi 1977. Ni gari fupi, inchi 92 tu kati ya ekseli na ekseli, lenye umbo la kisanduku. Mbele lilikuwa na kitu ambacho Jeep, Land Rover na Land Cruiser za wakati huo hazikuwa nacho: ekseli nzima iliyobebwa na springi za koili, ikashikiliwa na mikono miwili inayokuja kutoka nyuma pamoja na chuma kimoja cha kuizuia isikimbilie pembeni. Nyuma lilibaki na springi za majani kama wenzake.

Miongoni mwa waliochora umbo lake ni McKinley Thompson, Mmarekani mweusi wa kwanza kuajiriwa na Ford kama mbunifu wa magari. Mchoro wake mmoja ni wa 1963. Thompson alikuwa na wazo jingine lililotuhusu zaidi sisi wa huku. Alitaka kuunda gari jepesi la njia mbaya, lenye bodi ya plastiki, ambalo lingetengenezwa kwa viwanda vya gharama nafuu barani Afrika. Aliliita Warrior. Ford ikajitoa katika mpango huo mwaka 1967, naye akaendelea na rafiki yake Wally Triplett mpaka wakapata gari la mfano mwaka 1974. Mtaji haukupatikana. Gari hilo moja sasa limehifadhiwa katika makumbusho ya The Henry Ford, Dearborn, Michigan, na Afrika haikuliona.

Turudi jangwani. Mwaka 1967 Ed Pearlman na chama chake cha NORRA walianzisha mashindano ya kutoka Tijuana hadi La Paz, ambayo leo dunia inayajua kwa jina la Baja 1000. Mshindi wa kwanza hakuwa gari zito la magurudumu manne ya kuvuta. Alikuwa Meyers Manx, kibagi cha faiba kilichokaa juu ya chasisi ya Volkswagen, kwa saa 27 na dakika 38. Ni chepesi, na kila gurudumu linapanda na kushuka kivyake. Mwaka 1969 Rod Hall na Larry Minor walishinda jumla kwa Bronco. Kisha akaja Parnelli Jones, mshindi wa Indianapolis 500 ya mwaka 1963, mtu asiyejua kukanyaga mafuta nusu. Alikuwa akiendesha Bronco zilizoandaliwa na Bill Stroppe wa Long Beach, anaongoza, kisha zinavunjika. Stroppe alimsihi apunguze kasi. Jones akaona tatizo ni gari.

Jibu lake lilikuwa Big Oly. Fundi Dick Russell, aliyekuwa akifanya kazi kwa Stroppe, aliunda fremu nzima ya mabomba ya chuma cha kromoli, wakaivisha bodi ya faiba yenye sura ya Bronco, wakaweka bawa juu ya paa, wakaondoa kabisa mvuto wa magurudumu ya mbele. Jones na Stroppe wakashinda Baja 1000 mwaka 1971, tena 1972. Gari hilo liliuzwa mnadani Indianapolis mwezi Mei 2021 kwa dola milioni 1.87. Wanunuzi wa Bronco za kawaida hupenda kusema wanalo gari la aina ile ile. Hapana. Kilichokuwa cha Bronco pale ni sura. Kilichoshinda kilikuwa chini.

Sentimita zinavyohesabiwa

Kwa nini mwendo mrefu ulishinda? Hesabu yake inaandikika kwenye karatasi ya sigara. Chukua gari lililorushwa na tuta mpaka tairi zake zikawa mita moja juu ya ardhi. Zinapogusa chini, gari zima linashuka kwa karibu kilomita 16 kwa saa, na kasi hiyo lazima iishe kabla chasisi haijagonga. Likipewa sentimita 10 za kuimaliza, chasisi, injini na uti wa mgongo wa dereva vinabebeshwa kwa wastani mara 11 ya uzito wa kawaida. Likipewa sentimita 40, mara tatu na nusu tu. Anayeruka kutoka ukutani hukunja magoti. Gari lenye sentimita 10 linatua miguu ikiwa imenyooka.

Jambo la pili halionekani kwa macho, na kwangu ndilo kubwa zaidi. Springi ikilala sentimita 10 chini ya uzito wa gari, gari hilo hucheza juu na chini karibu mara 1.6 kwa sekunde. Ikilala sentimita 25, hucheza mara moja kwa sekunde. Tofauti hiyo ndiyo inayomwezesha mtu kukaa kitini saa 15 na bado aone njia. Lakini angalia inachodai: sentimita 25 zimekwisha kuliwa gari likiwa bado limesimama, na juu ya hizo lazima ziwepo nyingine za kupokea matuta. Springi laini bila nafasi ni balaa, kwani gari litakuwa linagonga raba za mwisho wa mwendo kila baada ya mita chache. Kwa hiyo fundi mzuri haanzi kwa kuuliza springi gani. Anauliza gurudumu lishuke hadi wapi na lipande hadi wapi, kisha vyote vingine anavilazimisha vikubaliane na majibu hayo mawili.

Na hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa kuwa kila kilichofungwa kwenye ekseli kiliundwa kwa ajili ya mwendo mfupi wa kiwandani.

Anza na ile mikono miwili ya mbele. Ekseli ikishuka, mikono inazunguka kwenye ncha yake ya nyuma na kuibinua ekseli iinamie mbele. Mkono wa sentimita 90 ukishuka sentimita 20 huipindua ekseli karibu nyuzi 13. Mkono wa sentimita 130 kwa mshuko uleule huipindua chini ya nyuzi tisa. Mpinduko huo unakula ule mwinamo mdogo wa kiwandani unaofanya usukani urudi wenyewe katikati baada ya kona. Bronco iliyonyanyuliwa bila kurekebishwa hapo huyumbayumba barabarani, na dereva anakuwa anaisahihisha kila dakika mpaka mabega yanauma. Dawa ya haraka ni bushi zilizotobolewa kwa mshazari, zinazoirudisha ekseli nyuma nyuzi kadhaa. Dawa ya kweli ni mikono mirefu, ambayo inadai kikalio kipya kwenye chasisi, huko nyuma karibu na gia boksi, na pengine bomba la ekzosi lihame.

Mikono hiyo ina tabia nyingine. Kila mmoja unaikumbatia ekseli mbele na nyuma, kwa hiyo gurudumu moja likipanda na jingine likishuka, mikono hutaka kuisokota ekseli. Ekseli haisokoteki. Kinachokubali ni raba za bushi, na raba zikiisha kukubali, mwendo umeishia hapo hata kama springi na shokapu bado zina nafasi. Wapenda kupanda mawe hukata mkono mmoja na kuupa kiungo kinachocheza, ili upande mmoja tu ndio uzuie ekseli isizunguke. Kwa mwendo wa pole ni sawa. Kwa kasi siupendi: nguvu zote za breki za mbele zinaishia kwenye mkono mmoja.

Kisha kile chuma cha pembeni, kinachoitwa chuma cha Panhard. Kimefungwa chasisi upande mmoja na ekseli upande wa pili, kwa hiyo ekseli haipandi na kushuka kwa mstari ulionyooka, inafuata tao. Chuma cha sentimita 80 kilicholala sawasawa, gurudumu likishuka sentimita 10, huivuta ekseli pembeni milimita sita, na hakuna anayehisi. Likishuka 20, ni milimita 25. Mshuko umekuwa mara mbili, mvuto umekuwa mara nne. Hilo peke yake linavumilika, ila kuna chuma kingine sambamba nacho, kile kinachotoka kwenye boksi la steringi kwenda kusukuma gurudumu. Vyuma hivi viwili visipolingana kwa urefu na kwa mlalo, vinachora matao mawili tofauti, na kila tuta linageuza magurudumu wakati mikono ya dereva imetulia. Nimeona magari yaliyotumia fedha nyingi kwa shokapu za nje huku mwenyewe akiwa ameshusha chuma kimoja na kukisahau cha pili. Ukilifuata gari kama hilo barabara ya vumbi utadhani dereva amelewa.

Nyuma

Springi ya majani inafanya kazi tatu kwa mpigo: inabeba uzito, inaiweka ekseli mahali pake, na inaizuia isizunguke injini inapovuta. Ndiyo maana imedumu, na ndiyo maana ni ngumu kuirefushia mwendo. Ukiilainisha ili ikunjuke, inaanza kujikunja umbo la herufi S kila unapokanyaga mafuta, ekseli inatikisika, tairi zinarukaruka. Mafundi wa mashindano mwishowe waliigawa kazi hiyo. Uzito wakaupa koili. Kazi ya kushika ekseli wakaipa mikono minne: miwili ya chini imenyooka, miwili ya juu imelazwa kama herufi V ili ekseli isiende kushoto wala kulia bila kuhitaji chuma cha Panhard. Mahali mikono hiyo inapofungwa, juu kidogo au chini kidogo, ndipo panapoamua kama gari litachuchumaa nyuma linapoondoka au litasimama imara. Tofauti ya sentimita tatu kwenye kikalio inasikika kwenye kiti. Mafundi waangalifu hutoboa matundu matatu manne kwenye kila kikalio, wakajaribu, kisha wakachagua.

Range Rover ilikuja na koili mbele na nyuma mwaka 1970, moja kwa moja kutoka kiwandani, na si ajabu kwamba ekseli na koili zake zimepandikizwa chini ya Land Rover nyingi za zamani. Ni njia ya mkato yenye heshima. Fundi anarithi jiometri iliyokwisha kupimwa na wahandisi badala ya kuibuni yake chini ya mwembe.

Ufupi wa Bronco, ambao ni raha kwenye kona kali, unageuka adhabu kwenye propela. Propela ya nyuma ni fupi. Ikiwa na sentimita 60 na ekseli ikashuka sentimita 20, inainama karibu nyuzi 20 zaidi ya ilivyokuwa. Krosi moja kwenye pembe kama hiyo hupiga, hutetemesha gari, kisha hukatika, tena hukatika pale usipotaka. Kwa hiyo upande wa gia boksi huwekwa jointi yenye krosi mbili ili zigawane pembe, difu inainuliwa pua iielekee propela, na sehemu ya propela inayoteleza inarefushwa isichomoke. Hapo bado hujagusa mipira ya breki, ambayo ikiwa mifupi ndiyo itakayoamua mwisho wa mwendo wa gurudumu, kwa kukatika.

Moto ndani ya bomba

Watu wengi hudhani shokapu ndiyo inayobeba gari. Haibebi. Kazi yake ni kugeuza mchezo wa springi kuwa joto, na joto hilo lina hesabu yake pia. Gari la tani moja na nusu likidondoka kutoka mita moja lina nishati ya karibu kilojuli 15. Igawe kwa shokapu nne zenye lita moja ya mafuta kila moja, na kutua kumoja tu kunayapasha mafuta hayo nyuzi mbili hivi. Nyuzi mbili si kitu. Lakini Baja haina tuta moja; ina saa nzima za mawimbi ya mchanga yanayofuatana, na mafuta hayapewi nafasi ya kupoa.

Shokapu za kawaida zikipata moto, hewa na mafuta huchanganyika yakawa povu, na povu halizuii kitu. Gari linaanza kudunda. Enzi za Stroppe dawa ilikuwa kufunga shokapu mbili kwa gurudumu moja, joto ligawanywe. Baadaye ikaenea shokapu ya bomba moja yenye gesi ya naitrojeni iliyotengwa na mafuta kwa pistoni inayoelea, na mtungi wa pembeni unaoongeza mafuta na nafasi ya kupoa. Za mashindano zina vijibomba vya nje vinavyoruhusu mafuta kuikwepa pistoni katikati ya mwendo na kuyafungia njia kuelekea mwisho. Matokeo yake shokapu inakuwa laini kwenye vijituta na ngumu gari linapotua. Ni uvumbuzi mzuri kuliko yote niliyoyataja hapa, na ni ghali kwa kiasi cha kumfanya mtu auze gari lake jingine.

Siku ya kweli katika kazi hii haihusu kuchomelea wala kupaka rangi. Ni ile ambayo springi zote zimetolewa, chasisi imekaa juu ya stendi kwa kimo kilichoamuliwa, vikalio vimeshikizwa kwa nukta chache tu za mchomeleo ili ving'olewe bila huzuni, na fundi analipandisha gurudumu kwa jeki sentimita kwa sentimita hadi mwisho, analishusha hadi mwisho, kisha analipandisha upande mmoja na kulishusha upande wa pili, kisha anayarudia yote hayo usukani ukiwa umekatwa kushoto kabisa na kulia kabisa. Mkononi ana futi na chaki. Tairi inagusa madigadi? Difu inagonga sampo? Propela inakwaruza bomba la ekzosi? Springi ya koili ikiachiwa inabaki kwenye kikombe chake au inadondoka chini? Karibu kila mara kitu kinagusa, na kila kinachogusa kinarudisha kazi nyuma: kikalio kihame, au kimo kibadilike, au injini ipande kidogo, na ikipanda feni itakutana na rejeta. Wenye haraka huruka hatua hii, halafu gari huwafanyia kipimo hicho porini.

Mwendo ukishajulikana, unawekewa mipaka. Chini, ukanda mzito wa nailoni unalizuia gurudumu sentimita moja au mbili kabla shokapu haijafika mwisho wake, maana shokapu ikitumika kama mnyororo wa kuning'inizia ekseli hung'oka kichwa. Juu, raba nene au kijishokapu kifupi cha gesi hupokea sehemu ya mwisho ya kishindo. Ni vitu vya bei ndogo kuliko vyote kwenye orodha.

Swali ambalo wasomaji wa Kenya wataliuliza ni la Rhino Charge. Mashindano haya, yaliyoanza 1989 kuchangia shirika la uhifadhi la Rhino Ark na uzio wa Aberdare uliokamilika mwaka 2009 kwa urefu wa takriban kilomita 400, yanataka jambo jingine kabisa. Gari linapewa saa 10 kupita vituo 13, na anayeshinda ni aliyetembea umbali mfupi zaidi, kwa hiyo watu hukata moja kwa moja kwenye miamba na makorongo badala ya kuyazunguka. Pale hakuna kuruka kwa kasi. Joto la shokapu halimsumbui mtu. Kinachotakiwa ni magurudumu yote manne yabaki ardhini gari likiwa limejipinda, na uzito ukae chini lisibiringike. Springi na shokapu zinazotamba Baja zinaweza kulifanya gari la Rhino Charge liyumbe kama mashua likipita ubavuni mwa kilima. Gurudumu linaloshuka sana lakini halikandamizi ardhi halivuti chochote; kwenye picha linapendeza, kwenye mwamba linateleza. Kabla ya kuagiza chochote, mtu ajue anaelekea kwenye kasi au kwenye mawe. Gari la kufanya yote mawili vizuri sijaliona.

Ugomvi wa msumeno

Kuna watakaosoma mpaka hapa kwa uchungu. Bronco isiyokatwa madigadi ya nyuma imekuwa mali adimu, na bei zimepanda kwa sababu waliotangulia walizikata nyingi ili tairi kubwa ziingie. Stroppe mwenyewe, katika zile Baja Bronco alizowaandalia wateja wa Ford miaka ya mwanzo ya 1970, alizikata na kuzivisha madigadi yaliyopanuliwa. Leo mtindo huo nao unatafutwa na wakusanyaji. Mimi nasimama upande wa wanaokata, kwa sharti moja: wasikate ile iliyobaki nzima. Bronco zaidi ya 225,000 ziliundwa, na nyingi zilizosalia zimeoza sakafu au zimekwisha kukatwa na mtu wa kwanza. Hizo ndizo za kuchomelewa. Inayotoka ghalani na rangi yake ya kiwandani iachwe, na mwenye nayo akitaka mwendo mrefu anunue mpya: Bronco Raptor, iliyotoka na modeli ya 2022, ina takriban inchi 13 za mwendo wa gurudumu mbele na 14 nyuma, pamoja na hati ya dhamana.

Kwa Land Rover ya springi za majani inayopanda shambani na kurudi, sishauri mikono minne wala mitungi ya gesi. Kuna springi zenye majani machache, mawili au matatu, yaliyokondeshwa kuelekea ncha ili yasisuguane; zikiwekwa pamoja na shokapu ndefu zaidi, vikalio vilivyosogezwa na mipira ya breki iliyorefushwa, gurudumu linapata mwendo ambao mwenye gari ataufurahia kila siku. Majani ya zamani yafungwe kwa waya na kutunzwa, kwa ajili ya yule atakayelinunua gari na kutaka kubebea mchanga.

Aliyeamua kwenda mbali zaidi ajue analoliingia baada ya fundi kuondoka. Viungo vya chuma kwa chuma vinavyochukua nafasi ya bushi za raba havina subira: vinapiga kelele, vinakula vumbi, na vikianza kulegea vinatanua matundu ya vikalio. Mchomeleo mpya huonyesha udhaifu wake katika kilomita za mwanzo, kwa hiyo baada ya mtoko wa kwanza gari linarudi chini ya taa, linaoshwa, na kila mchomeleo unakaguliwa kutafuta ufa mwembamba kama unywele. Mafundi wa mashindano hukaza kila nati kwa kipimo chake, kisha huchora mstari wa rangi unaovuka kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Kabla ya kila safari mtu anaingia uvunguni na tochi. Mstari ukionekana umevunjika, nati imezunguka, na gari haliondoki mpaka sababu yake ijulikane.